Tikiti ya trafiki si bili: nani atakusimamia mbele ya hakimu Ontario?

Tangu tarehe 14 Novemba 2025, kamera za kupima mwendo wa magari zimepigwa marufuku katika jimbo lote la Ontario, huko Kanada. Kiongozi wa serikali ya jimbo, Doug Ford, alikuwa akizilaumu kwa muda kwamba ni njia ya manispaa kuchuma pesa za watu. Habari ilipotoka, makundi ya WhatsApp ya familia zetu za Toronto na Mississauga yalichangamka. Nilisikia ujumbe wa sauti ukirushwa kutoka simu hadi simu: "Tikiti zimekwisha, jamani, endesheni kwa raha zenu."

Tikiti hazikwisha. Kilichoondoka ni kamera za mwendo tu. Kamera za taa nyekundu zipo. Askari mwenye kipima mwendo mkononi yupo pale pale. Anayeshika simu akiendesha, anayeendesha bila bima na mwenye mgahawa asiyefuata kanuni za afya, wote bado wataandikiwa. Na faini za kamera zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo bado zinadaiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kila nikienda Mississauga kuwatembelea wanangu, huletewa karatasi za Kiingereza nizisome. "Mwalimu, tazama hii, wanataka nini?" Miaka ya karibuni karatasi nyingi zimekuwa za tikiti. Na karibu kila anayeniletea huwa ameshaamua la kufanya, yaani kulipa, na anachotaka ni kuonyeshwa pa kulipia tu.

Najua tabia hiyo tumeitoa wapi. Maskati tumezoea mukhalafa. Kamera inapiga, ujumbe unaingia kwenye simu, unalipa kwa programu ya polisi, mambo yamekwisha. Usipolipa, mulkia ya gari haitengenezwi upya. Hakuna anayefikiria wakili. Abu Dhabi wamefika mahali pa kumpa punguzo la asilimia 35 anayelipa ndani ya siku 60. Basi kwetu mukhalafa ni kama bili ya umeme, na anayelipa mapema ndiye mwerevu.

Ukiipeleka tabia hiyo Ontario unaweza kujiumiza mwenyewe. Kule tikiti ya askari ni mashtaka. Aliyekuandikia anasema kwamba umevunja sheria, na sheria inakuuliza unajibu nini. Ukilipa, umejibu. Malipo yako yanahesabiwa kuwa umekiri kosa, na hukumu inaandikwa kwenye rekodi yako ya udereva.

Makosa haya yanasimamiwa na Sheria ya Makosa ya Jimbo, ambayo ni tofauti na Kanuni ya Jinai ya nchi nzima. Humo mna trafiki, leseni za biashara, usafi wa mahali pa chakula, usalama kazini, ujenzi, mazingira, hata mbwa asiyefungwa kamba. Ukipatikana na hatia huwi mhalifu kwa maana ya jinai, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini neno "si jinai" limewalaza wengi usingizi. Kosa lisilo la jinai linaweza kukuondolea leseni, na kwa mtu anayelisha watoto kwa kuendesha teksi au kupeleka vyakula majumbani, leseni ndiyo duka lake.

Tazama hesabu. Dereva amepita kiwango kwa kilomita 35 kwa saa. Sheria ya barabara inaweka dola 7 kwa kila kilomita iliyozidi, kwa hiyo faini ni dola 245, na juu yake kuna gharama za mahakama na tozo ya waathirika. Atasema si haba, nalipa. Lakini hukumu hiyo inakuja na pointi 4 za makosa. Dereva mpya akifika pointi 9 leseni yake husimamishwa. Dereva mwenye leseni kamili husimamishwa akifika 15. Pointi hukaa miaka 2. Kisha inakuja bima. Kampuni ya bima haihesabu pointi, inatazama hukumu, na kwa kawaida hurudi nyuma miaka 3. Kwa hiyo dola 245 ni malipo ya kwanza tu. Mengine yatachukuliwa kidogo kidogo katika bima, kila mwezi, na yanaweza kuipita faini yenyewe.

Hapo hatujafika kwenye makosa mazito. Kuendesha gari lisilo na bima, faini ya mara ya kwanza inaanzia dola 5,000 na inaweza kufika 25,000. Uendeshaji wa kizembe una faini ya dola 400 hadi 2,000, pointi 6, leseni inaweza kusimamishwa hadi miaka 2, na hata kifungo cha hadi miezi 6 kimo ndani ya sheria. Kupita kiwango kwa kilomita 50 kwenye barabara kuu, leseni inachukuliwa hapo hapo kwa siku 30 na gari linafungiwa siku 14, kabla hata hujamwona hakimu.

Sasa, ukipewa tikiti ya kawaida una siku 15 za kujibu. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kulipa, yaani kukiri. Ya pili ni kuomba kikao cha mapema na mwendesha mashtaka, mzungumze kama kosa linaweza kupunguzwa. Ya tatu ni kuomba kesi isikilizwe, askari aje na ushahidi wake. Wengi wetu tunachagua njia ya nne ambayo haikuandikwa: kuitia karatasi kwenye droo. Siku 15 zikipita, hakimu anaisoma tikiti peke yake, na ikiwa haina kasoro anakutia hatiani bila ya wewe kuwapo. Faini isipolipwa, leseni inasimamishwa. Nimemwona kijana aliyejua kwamba hana leseni siku aliposimamishwa barabarani kwa taa mbovu, kwa sababu barua zote zilikwenda nyumba aliyokwisha kuhama. Ontario inamtaka dereva aarifu anwani mpya ndani ya siku 6. Kwa watu kama sisi, tunaoanza kwa shangazi, tukahamia kwa rafiki, kisha tukapata cha kwetu, siku 6 zinapita kabla hatujafungua masanduku.

Ikikutokea hivyo, mlango haujafungwa kabisa. Unaweza kuapa mbele ya mahakama kwamba hukupata notisi, au ulishindwa kufika bila ya kosa lako, na kuomba kesi ifunguliwe upya. Lakini lazima ufanye hivyo ndani ya siku 15 tangu ulipopata habari ya hukumu. Na aliyesikilizwa akashindwa ana siku 30 za kukata rufaa.

Nani basi atakusimamia? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Wanasikia kwamba Kanada kuna msaada wa kisheria wa serikali, wanapiga simu, wanaambiwa hawastahiki. Ni kweli. Fungu hilo kwa kawaida huwaendea walio katika hatari ya kufungwa, na tikiti ya kawaida haina kifungo. Kwa hiyo mtu anaachwa na askari aliyezoea mahakama, mwendesha mashtaka aliyezoea mahakama, na yeye mwenyewe asiyejua hata mlango wa kuingilia.

Lakini kati ya kukaa peke yako na kumlipa wakili mkubwa kuna mtu wa tatu. Ontario inatoa leseni kwa wasaidizi wa kisheria, ambao kule huitwa paralegal, na hilo ndilo neno la kuuliza ukipiga simu. Sisi wa Afrika Mashariki tuwe waangalifu na jina hili. Kwa mujibu wa sheria ya Tanzania ya mwaka 2017, msaidizi wa kisheria hutoa elimu na ushauri, haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wala kudai ada. Wa Ontario ni mwingine kabisa. Tangu 2007 anasimamiwa na Law Society of Ontario, chombo kile kile kinachowapa leseni mawakili. Amesomea kazi, amefanya mtihani, ana bima ya kazi yake, na anasimama mbele ya hakimu kwa makosa haya ya jimbo. Ada yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wakili.

Kabla hujampa hata dola moja, fanya mambo haya.

Kwanza, litafute jina lake kwenye orodha ya Law Society iliyo wazi mtandaoni. Utaona kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Katika jamii zetu hakukosekani bwana mwenye koti zuri anayesema "mimi nawajua watu pale mahakamani". Asiyekuwamo kwenye orodha hana ruhusa ya kukutoza pesa.

Pili, taka ada kwa maandishi. Uliza: bei hii ni ya kikao cha mapema tu, au inafika mpaka siku ya kesi? Atakuja yeye mwenyewe au atamtuma mwingine? Je, atakubali kosa dogo kwa niaba yangu bila kuniuliza? Jibu la swali la mwisho lazima liwe hapana.

Tatu, mkimbie anayesema "utanilipa tukishinda tu". Kwa kesi za namna hii, makubaliano hayo yamekatazwa na kanuni za kazi yao. Na anayekuhakikishia ushindi hajauona ushahidi. Mtu makini kwanza ataomba maandishi ya askari na kumbukumbu za kipimo, ndipo aseme neno.

Na kama pesa haipo kabisa? Kanuni zinamruhusu ndugu wa karibu kukuwakilisha bila malipo. Binti aliyesoma Kanada anaweza kumsimamia baba yake. Nawaomba vijana walisikie hili, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaotafsiri barua za wazee na kuishia kusema "lipa tu, baba, yaishe".

Lugha nayo isimtishe mtu. Katiba ya Kanada, katika kifungu cha 14 cha Hati ya Haki, inampa haki ya mkalimani mtu asiyeelewa lugha ya mahakama. Mkalimani wa Kiswahili au Kiarabu anaombwa mapema, wakati wa kuomba kesi, si asubuhi ya siku yenyewe. Mtu anaweza kununua mkate kwa Kiingereza miaka 20 na bado asiweze kuhojiwa na mwendesha mashtaka kwa lugha hiyo. Hilo si jambo la kuonea haya.

Je, kila tikiti ipiganiwe? Hapana. Kamera ya taa nyekundu haina pointi, na bima kwa kawaida haiguswi. Picha ipo, gari ni lako, lipa. Tikiti ndogo ya kuegesha gari vibaya haistahili ada ya mtu. Tena kuna hatari ya kwenda mahakamani bila kujipanga. Mara nyingi askari hukuonea huruma barabarani, akaandika mwendo mdogo kuliko aliopima. Ukidai kesi isikilizwe, mwendesha mashtaka anaweza kuomba ule mwendo wa kweli urudishwe, ukatoka na zaidi ya ulichoingia nacho. Na katika kosa la mwendo, kusema "sikujua" au "nilikuwa mwangalifu" hakusaidii, kwa sababu mahakama za Ontario zinalihesabu kuwa kosa lisilo na udhuru wa namna hiyo. Ndiyo maana nusu saa ya ushauri kwa mtu mwenye leseni ina thamani hata kama mwisho wake ni kulipa.

Mambo ni tofauti kwa mwenye biashara. Mwaka 1978 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, katika kesi ya mji wa Sault Ste. Marie, iliweka msingi ambao kila mwenye mgahawa, gereji au lori angepaswa kuujua. Katika makosa mengi ya kanuni, mwendesha mashtaka hana haja ya kuthibitisha kwamba ulikusudia. Akithibitisha kitendo, mzigo unahamia kwako, na wewe unaokoka ukionyesha kwamba ulichukua kila hadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Kuonyesha si kuapa tu. Ni daftari la usafi lililojazwa kila siku, risiti ya fundi wa friji, karatasi ya mfanyakazi aliyepewa mafunzo. Hapo mwakilishi anayejua kazi anaweza kuiokoa biashara, lakini tu akikuta karatasi. Sisi ni watu wa "nimemwambia kwa mdomo". Mdomo hauna tarehe.

Wapo wanaoniuliza kwa upande wa dini: mwalimu, kama najua nimekosa, kwenda kubisha si uongo? Swali zuri. Kusema uongo mahakamani ni haramu na ni jinai, hakuna mjadala. Lakini kumtaka anayekushtaki athibitishe dai lake si uongo, na kwetu sisi ni jambo tunalolifahamu: ushahidi ni juu ya anayedai. Mtu aliyepita kiwango kwa kilomita 15 hana wajibu wa kukiri 35. Nilisoma sekondari ya wamisheni, na mkuu wetu, padri mkali kweli kweli, alikuwa na daftari la adhabu. Hakuandika jina la mwanafunzi humo kabla hajamwita na kumwuliza, "Una la kusema?" Wengine tulikuwa na la kusema na wengine hatukuwa nalo, lakini sote tuliulizwa.

Hili la kuulizwa ndilo linaloniogopesha katika mwelekeo wa sasa, zaidi ya habari ya kamera. Polepole makosa haya yanaondolewa mahakamani na kupelekwa ofisini. Toronto ilihamisha tikiti za maegesho kwenye mfumo wa adhabu za kiutawala mwaka 2017, na mwaka 2022 jimbo liliruhusu manispaa kufanya hivyo kwa faini za kamera. Hakuna hakimu tena. Ukipinga, anatazama ofisa mmoja, kisha mwingine, na uamuzi wa huyo wa pili ndio wa mwisho. Manispaa zinasema ni haraka na mahakama zinapumua, na wana hoja. Mwaka 2016, katika kesi ya Jordan, Mahakama Kuu Kabisa iliweka kikomo cha miezi 18 kwa kesi za mahakama za majimbo, na msongamano ukawa unaangusha kesi. Adhabu hizo za ofisini hazina pointi pia, na hilo ni afadhali kwa dereva.

Lakini kila hatua ya namna hii inaifanya tikiti ifanane zaidi na ile mukhalafa yetu: ujumbe, kiasi, tarehe ya mwisho. Anayejua kuandika barua nzuri ya Kiingereza atapinga na pengine atapunguziwa. Mama anayefanya usafi usiku, asiyejua kwamba kuna nafasi ya kupinga, atalipa yote.

Ndugu zetu wa Uingereza nao wasijione wako mbali. Tangu 2015 kule kuna utaratibu wa hakimu mmoja, anayeamua makosa madogo ya mwendo, bima ya gari na leseni ya televisheni kwa karatasi tu, bila kikao. Kule haya bado yanahesabiwa jinai, ingawa ni ndogo. Una siku 21 za kujibu. Ukinyamaza, unaamuliwa bila wewe. Aliyehukumiwa bila kupata barua anaweza kutoa tamko la kiapo ndani ya siku 21 tangu alipojua, na kesi ikaanza upya. Nchi ni mbili, lakini aliyenyamaza anaumia kote kuwili.

Basi kwa familia zilizoko Maskati, Dubai na kwingineko zenye watoto Kanada, ninalo ombi dogo. Tunapowapigia simu huwauliza kama wamekula na kama wameswali. Tuwaulize pia kama kuna barua hawajaifungua. Tunapowatumia pesa za kulipia faini, tuulize kwanza tikiti ni ya nini, ina siku ngapi, na kama wamemwuliza mtu mwenye leseni. Na zile jumuiya zetu za Toronto, zinazochangisha vizuri sana kwa harusi na misiba, zingeweza kumwalika paralegal mmoja kila baada ya miezi kadhaa, Jumapili baada ya adhuhuri, akae saa mbili na watu waje na karatasi zao. Kwa jumuiya nzima gharama yake ni ndogo, na dereva mmoja atakayebaki na leseni yake kwa ushauri huo atakuwa ameilipa.